Asiyeona na saa ya kisasa: Anunue au asinunue?

KWA mtu mwenye macho mazima, kujua saa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Hutupa jicho ukutani, kwenye simu au hata kwenye mkono wa jirani ndani ya matatu, na mambo yamekwisha. Kwa asiyeona, swali hilo hilo huwa ni ombi. Hana budi kumwuliza mwingine, na huenda akauliza mara kumi kwa siku, hadi anayeulizwa achoke na mwenye kuuliza aone haya.

Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, sishangai wagonjwa wasioona, au watoto wao wanaofanya kazi Kisumu na Nairobi, wanaponiuliza juu ya hizi saa za kisasa ziitwazo saa janja. Wamesikia kwamba zipo saa zinazozungumza, zinazotetema mkononi, zinazosoma ujumbe wa M-Pesa na kupima mpigo wa moyo. Wanachotaka kujua ni kimoja: Je, pesa hizo zitakuwa zimetumika vyema?

Jibu langu huwa hivi: Saa itakufaa ikiwa kuna kazi maalumu unayotaka ikufanyie, na ikiwa utaweza kuitumia peke yako bila kumwita mjukuu. Ikikosa moja kati ya mambo hayo mawili, afadhali pesa zikae mfukoni. Juma hili tutalichambua jambo hili hatua kwa hatua, tukiwafikiria hasa wakazi wa kaunti za Homa Bay na Migori, ambako duka la kurekebisha saa kama hizo si jambo la kila mtaa na stima hupotea bila kuaga.

Tuanze na jicho lenyewe

Kabla ya kuzungumza juu ya saa, kuna swali moja ambalo humwuliza kila anayenijia na shauri hili: Macho hayo yamewahi kuchunguzwa na daktari wa macho?

Nauliza kwa sababu chanzo kikuu cha upofu humu nchini, kama ilivyo ulimwenguni kwa jumla, ni mtoto wa jicho. Huu ni ukungu unaoingia kwenye lenzi ya jicho, aghalabu kwa sababu ya umri. Hauondolewi kwa matone wala kwa miti shamba, bali kwa upasuaji mfupi ambapo lenzi iliyochafuka hutolewa na nyingine ya bandia kuwekwa mahali pake. Mzee aliyeongozwa kwa mkono kwa miaka mitatu huenda akarudi nyumbani akiiona njia mwenyewe. Itakuwa hasara iliyoje kumnunulia saa ya shilingi elfu arubaini, ilhali alichohitaji ni kitanda cha upasuaji!

Anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ni Homa Bay au Migori, uelekezwe kwa wataalamu wa macho. Wagonjwa wengine hupelekwa hospitali ya macho ya Sabatia, katika Kaunti ya Vihiga. Uliza pia ni gharama gani zitakazolipwa na bima ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Wakazi wa sehemu hii wana sababu ya kuamini kwamba upofu unaweza kushindwa. Katika bonde la Kodera, karibu na Oyugis, nzi weusi wa mtoni waliwahi kueneza ugonjwa wa upofu wa mto. Katika miaka ya 1940 maji ya mito yalitiwa dawa ya DDT, nzi hao wakatokomezwa, na ugonjwa ukakosa wa kuueneza.

Hata hivyo, upofu mwingine hauna marekebisho. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha ubongoni. Kilichopotea hakirudi, ingawa kilichosalia kinaweza kulindwa kwa matone yanayotiwa kila siku kwa saa zile zile. Kisukari nacho, kisipodhibitiwa, huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Ikiwa daktari wa macho amekwisha kukuambia wazi kwamba hali yako ni ya kudumu, basi sasa tunaweza kuzungumza juu ya saa.

Kwa nini saa ni jambo la afya

Huenda ukajiuliza, msomaji, daktari ana biashara gani na saa za mkono. Jibu ni kwamba dawa nyingi tunazoandika hutegemea saa. Matone ya glakoma yanayotiwa mara mbili kwa siku yanatakiwa kuachana kwa muda wa saa kumi na mbili hivi. Anayejidunga insulini hapaswi kupitisha wakati wa chakula. Na katika uchunguzi wa kitaifa wa 2018, Kaunti ya Homa Bay ndiyo iliyopatikana na kiwango cha juu zaidi cha virusi vya ukimwi nchini, karibu mtu mzima mmoja kati ya kila watano. Kwa watu hao, kumeza dawa za ARV kila siku bila kukosa ndiko kunakowaweka hai na wenye nguvu. Wapo miongoni mwao wasioona.

Jambo la pili ni usingizi. Ndani ya ubongo mna saa ya mwili, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga uingiao machoni. Kwa wengi ambao hawaoni hata mwanga, saa hiyo huteleza polepole, leo kidogo na kesho kidogo, hadi mtu akawa analala mchana na kukesha usiku. Nyumbani watasema ana mawazo mengi, au amerogwa. Mtu kama huyo husaidiwa, pamoja na ushauri wa daktari, na ratiba isiyobadilika: kuamka, kula na kulala kwa saa maalumu. Hawezi kuifuata ratiba asiyoweza kuijua.

Aina nne za saa

Sasa tuzitazame saa zenyewe. Kwa jumla zipo aina nne.

Ya kwanza ni saa ya kuzungumza ya kawaida. Unabonyeza kitufe, nayo inataja saa kwa sauti. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya saa janja, haihitaji simu, na betri yake hudumu miezi mingi. Kasoro yake ni kwamba kila aliye karibu husikia.

Ya pili ni saa ya kupapasa. Walimu wengi waliosomea shule za wasioona wanaijua ile ya zamani, yenye kioo kinachofunguliwa ili kidole kiguse mishale na alama za nukta. Aina mpya zaidi ni Bradley, iliyotokea 2013 na kupewa jina la Bradley Snyder, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyepoteza macho nchini Afghanistan mwaka wa 2011 na kushinda dhahabu katika kuogelea kwenye michezo ya walemavu ya London mwaka uliofuata. Badala ya mishale ina gololi mbili ndogo zinazovutwa na sumaku: moja ya saa, nyingine ya dakika. Haizungumzi, haina kengele, wala haihitaji kuchajiwa kila siku.

Ya tatu ni saa ya breli, yaani ya maandishi ya nukta nundu. Inayojulikana zaidi ni Dot, kutoka Korea Kusini, iliyoanza kuwafikia wateja 2017. Usoni pake mna vyumba vinne vyenye nukta sita kila kimoja, na nukta hizo huinuka na kushuka kuandika saa na dakika, au ujumbe uliotoka kwenye simu. Kampuni ya Safaricom iliwahi kuileta saa hiyo hapa Kenya.

Ya nne ndiyo saa janja yenyewe, kama Apple Watch au Galaxy Watch ya Samsung. Hii ni kompyuta ndogo ya mkononi. Uso wake ni kioo kitupu kisicho na cha kupapasa, lakini ndani yake mna programu ya sauti, VoiceOver kwa Apple na TalkBack kwa saa za Samsung zilizotoka kuanzia 2021. Unapitisha kidole juu ya kioo, sauti inataja ulichokigusa. Ukigonga mara mbili, kinafunguka. Apple Watch huweza pia kutaja saa kimyakimya, kwa mitetemo mirefu na mifupi ambayo mwenye saa peke yake huihisi.

Vidole, masikio na siri

Ni ipi inayomfaa nani? Hapa mwili wako ndio utakaoamua, kuliko tangazo la dukani.

Kwanza vidole. Aliyepoteza macho akiwa mtu mzima mara nyingi hakujifunza breli, na saa ya Dot kwake ni sawa na gazeti lililoandikwa kwa lugha ya kigeni. Aliyeugua kisukari kwa miaka mingi huenda ana ganzi. Ganzi hiyo huanzia nyayoni lakini baadaye huweza kufika vidoleni. Mikono iliyokomazwa na jembe, au na nyavu za kuvulia omena huko Mbita, nayo huenda isizitambue nukta ndogo. Mtu kama huyo anahitaji sauti au mtetemo.

Pili masikio. Mzee asiyesikia vyema hatafaidika na saa yenye sauti nyembamba, hasa sokoni. Huyu atafaa kupewa saa ya mtetemo wenye nguvu.

Tatu siri. Fikiria mtu aliye ndani ya matatu kutoka Rongo kwenda Migori, na saa yake inapaza sauti kila jioni wakati ule ule. Punde abiria wenzake wataanza kuuliza kengele hiyo ni ya nini. Saa inayotetema haimwambii mtu lolote. Kwa anayetumia dawa ambazo hataki jirani azijue, sifa hii peke yake huweza kuwa sababu ya kutosha ya kununua.

Watu hunipinga hapa kwa kusema, "Lakini daktari, simu yangu tayari inazungumza." Ni kweli. Ikiwa unaitumia simu yako kwa TalkBack bila taabu, basi saa, kengele na ujumbe unavyo tayari. Saa janja inakuongezea mambo mawili. Mkono mmoja umeshika fimbo nyeupe, na sasa ule mwingine haulazimiki kushika simu. Tena, simu hubaki mfukoni, mbali na wanyakuzi wa kituo cha magari. Pima mwenyewe kama faida hizo mbili zinafikia bei unayotajiwa.

Saa mbili au saa nane?

Kuna mtego mmoja ambao sijaona ukitajwa kwenye maelezo ya watengenezaji. Saa hizi nyingi huzungumza Kiingereza, na hata ukipata yenye sauti nyingine, usitarajie izungumze Dholuo au Kikuria. Muuguzi anamwambia nyanya ameze dawa "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku". Saa inasema ni nane. Mjukuu aliyeharakishwa anaweka kengele kwenye namba mbili, na nyanya anaamshwa saa nane ya usiku wa manane kumeza dawa.

Kwa hivyo, siku ya kwanza kaa na mwenye kuivaa mkaelewane juu ya hesabu hiyo ya saa sita. Kisha mwache aisikilize saa na kukueleza kwa Kiswahili au kwa lugha yake ni saa ngapi. Akikosea mara tatu, mtafutie saa ya kupapasa, ambayo haina lugha.

Vipimo vya moyo na sukari

Saa janja hutangazwa kwa vipimo vyake vya afya. Naomba uwe mwangalifu hapa.

Mpigo wa moyo hupimwa kwa taa ndogo zilizo chini ya saa, ambazo humulika ngozi na kuhesabu jinsi damu inavyopita. Mtu akiwa ametulia, saa ya kampuni inayoaminika hufanya kazi hiyo vizuri. Kipimo cha oksijeni hakitegemeki hivyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2020 ulionyesha kwamba hata vile vyombo vya kubana kidoleni vinavyotumiwa hospitalini hukosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ukihema kwa shida, nenda hospitalini hata kama saa inasema u mzima.

Hatari kubwa zaidi ni saa za bei rahisi zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mnamo Februari 2024, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari akiamini namba hizo anaweza kujidunga insulini kupita kiasi na kuzimia. Watu wa Migori, ambao wamechimba dhahabu huko Macalder tangu zama za ukoloni, wanajua kuliko wengi kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Na asiyeona amo hatarini mara mbili, kwa kuwa saa hizo za rahisi aghalabu hazina programu ya sauti hata kidogo: kioo kimejaa namba na mwenye saa hawezi kuisoma hata moja.

Jaribu kabla ya kulipa

Ukiamua kununua saa janja, usiinunue bila atakayeivaa kuwapo. Mwombe mwenye duka muda wa nusu saa, kisha fanyeni majaribio haya bila macho ya mtu mwingine kusaidia:

1. Aijue saa peke yake, kwa sauti au kwa mtetemo, mahali penye kelele.

2. Aweke kengele ya dawa, aizime, na kuibadilisha.

3. Aichaji. Kwa miaka mingi Apple Watch ya kawaida ilikadiriwa kudumu saa 18 hivi kabla ya kuhitaji moto tena. Mahali ambapo stima hupotea siku mbili, au nyumba inategemea taa ya jua, saa hiyo itakuwa bangili tu.

4. Aiunganishe na simu yake mwenyewe. Apple Watch hutaka iPhone, nazo saa mpya za Samsung hutaka simu ya Android. Anayetumia Android akiletewa Apple Watch kama zawadi kutoka ng'ambo, ameletewa pia deni la kununua simu nyingine.

5. Aivue na kuivaa, na kuutambua upande wa juu kwa kidole.

Akiyamaliza manne kati ya haya, na hilo la kengele likiwa mojawapo, mnaweza kuzungumza bei. Akishindwa, msimlaumu. Kujifunza kioo kisichopapasika huchukua majuma kadhaa hata kwa kijana. Uliza kama duka litakubali kuipokea tena baada ya siku chache, na ni wapi itakapotengenezwa ikiharibika. Ikiwa jibu ni Nairobi, jumlisha na nauli.

Yapo pia mambo madogo ya mwili. Vua saa usiku au wakati wa kuoga, ukaushe ngozi, kwani jasho likifungiwa chini ya mkanda huleta upele. Anayevaa chombo cha kurekebisha mpigo wa moyo kifuani asiziweke karibu nacho saa zenye sumaku kabla ya kumwuliza daktari wake.

Msaada upo

Kumbuka pia kwamba kupata vifaa vya kukuwezesha ni haki yako. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvishinda vikwazo vya ulemavu wake, na pia kutumia breli. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali, na hazina yake husaidia kwa vifaa. Jisajili kwanza, kisha uulize. Huenda usipewe saa janja, lakini fimbo nyeupe na mafunzo ya kutembea nayo vitakufungulia njia nyingi kuliko saa yoyote.

Kwa ufupi basi, ningeshauri utaratibu huu: jicho lichunguzwe kwanza, kisha fimbo, kisha simu inayozungumza na ujuzi wa kuitumia, na mwisho saa. Mwalimu, mwanafunzi wa chuo au karani asiyeona, ambaye simu yake anaimudu na anashinda mbali na nyumbani, atafaidika na saa janja na hatajuta. Nyanya wa kijijini Ndhiwa ambaye shida yake ni kujua wakati wa matone na wakati wa ibada atatosheka na saa ya kuzungumza ya bei nafuu, kisha pesa zilizobaki zikamnunulie dawa na nauli ya kliniki.

Na wewe mwana unayetaka kumpelekea mzazi zawadi, mpigie simu leo umwulize ni kazi gani hasa ambayo angependa kuifanya bila kumwita mtu. Akishakujibu, ndipo uende dukani.